Masaa Tisa hadi Mbeya

Telegramu ilifika Jumatano, kabla ya saa sita mchana, na Esta aliisoma mwenyewe. Jambo hilo lisipite hivi hivi. Miaka sita nyuma mwanamke huyu alikuwa akiombwa sahihi anatoa dole gumba. Sasa alisimama mlangoni mwa nyumba yake pale Mlandege, akaifungua karatasi, akaifuata kwa kidole neno kwa neno mpaka mwisho, akarudia tena kutoka juu, kisha akajitanda kanga na kwenda shuleni kumtafuta mdogo wake.

Mwalimu Filemoni alikuwa akifundisha Jiografia darasa la sita. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1976, baridi ya Iringa imekaza, madirisha yote yamefungwa. Alipomwona dada yake mlangoni alijua kuna jambo, maana Esta hakuwa mtu wa kukatiza masomo ya watu. Akawaambia wanafunzi wachore ramani ya Afrika na mito yake, akatoka nje.

"Kamwene, dada. Kuna nini?"

"Soma," Esta akasema.

Karatasi ilisema: NIMEPATA KAZI MBEYA NITAANZA MARA MOJA BARUA YAJA JULIANA.

Kwa mtu mwingine yeyote wa mji ule hii ingekuwa habari ya kupigiwa vigelegele. Binti amemaliza udaktari, amepata kazi, tena Mbeya, hapo jirani tu. Lakini Filemoni aliegemea ukuta wa darasa. Kwa ndugu hawa wawili Mbeya haikuwa Mbeya. Mbeya ilikuwa Mosko, kule Urusi, na aliyeing'oa Mbeya mahali pake akaipeleka huko alikuwa ni yeye Filemoni.

Mambo yalianza mwaka 1970, Juliana alipochaguliwa kwenda Urusi kusomea udaktari. Esta alikuwa mjane, na Juliana ndiye mtoto wake pekee. Akasema hapana. Hakulia wala hakugomba. Alisema hapana akaendelea kuchambua maharage. Wakaja wazee wa kanisa, akawasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai, akasema hapana. Zilikuwa zimebaki siku tano fomu irudishwe.

Ndipo Filemoni akaja na tufe la dunia la shule, kalibana kwapani. Niseme ukweli, Filemoni alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi. Hakuwahi kukosea maili wala jina la mto, na mwingine akikosea mbele yake alimsahihisha papo hapo, hata kama ni msibani. Akaliweka tufe mezani, akaomba uzi. Esta akampa uzi mweusi wa kushonea. Filemoni akaubana mwanzo wake pale Dar es Salaam kwa ukucha, akauvuta kwenda juu mpaka Mosko.

"Tazama, dada. Umenyooka. Haukupinda kushoto wala kulia. Hawa watu wako juu yetu tu hapa. Hata saa yao na saa yetu ni moja. Wewe ukila chakula cha mchana, na yeye anakula cha mchana."

Esta akautazama uzi. "Ni mbali."

"Maili elfu nne na mia tatu. Ndege inakwenda maili mia tano kwa saa. Gawanya." Akagawanya mwenyewe, maana hakuwa na subira ya kungoja watu wagawanye. "Masaa tisa, tena hayatimii."

Esta akaugusa uzi kwa kidole. Filemoni alipoona safari hii hakusema hapana, akakaza. "Unakumbuka nilipokwenda semina Mbeya, masika ile? Basi liliondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, tukazama kwenye matope Nyololo, tukashuka kusukuma, Mbeya tukaingia saa tisa. Masaa mangapi hayo?"

Esta akahesabu kwa vidole. "Tisa."

"Basi Juliana anakwenda Mbeya."

Dole gumba likaingia kwenye wino siku hiyo hiyo.

Filemoni ndiye aliyemsindikiza binti hadi Dar es Salaam. Yaliyotokea nyumbani siku ya ndege alisimuliwa baadaye na Verediana, jirani wa ukuta kwa ukuta. Esta alijua ndege inaruka saa mbili asubuhi. Aliiweka saa ya mezani juu ya kiti, naye akaketi kigodani mbele yake, hakwenda shamba, hakupika, hakumjibu mtu. Ilipogonga saa kumi na moja jioni alisema, "Amefika." Akainuka, akainjika ugali.

Kumbe wapi. Barua ya kwanza ilichukua wiki tano kufika, na ilisimulia mengine kabisa. Ndege ilitua Nairobi, ikatua Khartoum, ikatua Kairo, na hapo Kairo wakaambiwa Mosko kuna ukungu, hakutuliki. Juliana alilala siku mbili kwenye benchi, kichwa juu ya mfuko, akila biskuti na kulia. Safari nzima ilikuwa siku tatu. Filemoni alikuwa amezihesabu maili zote, lakini hakukumbuka kwamba ndege nayo husimama njiani.

Wakati huo barua zote alikuwa akizisoma yeye. Aliisoma kwanza kimoyomoyo, akafika kwenye habari za benchi, akainua macho. Dada yake alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, anangoja. Filemoni akakohoa, akasoma kwa sauti: "Mama, safari ilikuwa nzuri, masaa tisa, kama alivyosema mjomba."

Uongo ule aliusema kwa sura ile ile ya ubaoni, na ukamkaa tumboni tangu siku hiyo.

Juliana naye aliposikia kwamba amepelekwa Mbeya, akaudaka mzaha. "Mama, huku Mbeya kwetu theluji imefika magotini," aliandika. "Mama, Mbeya hii hawana ugali, wana viazi tu." Neno likaota mizizi. Kanisani watu wakimuuliza Esta habari za binti, alijibu yuko Mbeya, hajambo, na waliomjua vizuri walitabasamu. Wengine hawakujua cha kutabasamia. Verediana siku moja alileta kikapu cha karanga, Juliana amfikishie mpwa wake aliyekuwa kibarua wa reli huko Mbeya. Esta alikaa na kile kikapu wiki nzima asijue aseme nini, mwisho akamtafuta mtu wa basi.

Miaka ikaenda. Lami ikapita, matope ya Nyololo yakabaki kuwa hadithi. Esta akaingia kisomo cha watu wazima, akakaa dawati moja na wanawake wenye wajukuu, akahitimu. Toka hapo akawa anazisoma barua mwenyewe, na Filemoni akapumzika ile kazi ya kusoma yasiyoandikwa. Mwezi wa tano mwaka ule wa 1976 ikaja barua ya mwisho: mitihani imekwisha, siku ya safari haijapangwa, ikipangwa nitapeleka telegramu.

Hofu ya Esta katika miaka hiyo yote ilikuwa moja tu, na aliitamka mara moja, siku waliyokuwa wanatoka kanisani. "Akipata kazi huko huko, harudi tena," alimwambia mdogo wake. "Mtu hukaa penye kazi yake."

Na sasa karatasi hii.

"Amebaki," Esta alisema pale nje ya darasa. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mbeya imemchukua."

Watoto ndani wakaanza kupiga kelele, na Filemoni hakuwageukia.

Jioni ile Esta alimchinja Daktari. Daktari alikuwa jogoo mwekundu aliyepewa jina hilo tangu kifaranga, akanenepeshwa kwa mahindi mateule kwa ajili ya siku moja tu, siku ya Juliana kuingia nyumbani. "Kwa nini aendelee kungoja," Esta alisema, "naye amechoka kama mimi." Alimwita mdogo wake aje wale. Filemoni akawekewa paja. Alilitafuna na kulitafuna, nyama ikagoma kushuka.

Dada yake hakumlaumu. Angemlaumu, Filemoni angejitetea, na kujitetea alikuwa anakujua. Esta alimmiminia maji ya kunawa, akasema tu, "Wewe maili ulizipima sawasawa. Kosa si lako." Filemoni aliondoka pale akiona heri angetukanwa.

Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akaenda posta akiwa na maneno yake tayari kwenye kipande cha daftari. Alikuwa ameyaandika na kuyafuta mara nne: KAZI ISUBIRI RUDI KWANZA MAMA AKUONE MJOMBA. Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika dirishani alimkuta Didas, karani mpole mwenye miwani, ambaye kila alipomwona mwalimu alisimama kidogo kwenye kiti chake kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu. Hii inakwenda wapi?"

"Marahaba. Mosko, kule Urusi. Kwa mpwa wangu. Tena iende upesi, kabla hajatia sahihi kazi ya watu." Akaitoa ile telegramu mfukoni mwa koti, akaisukuma chini ya wavu. "Anwani sina ya uhakika, sijui kama bado yuko bwenini. Labda hapo utaona ilikotoka."

Didas akaichukua. Alitazama juu kabisa, pale penye vifupisho na tarakimu ambapo watu wote huparuka kwenda kwenye maneno. Akatazama tena. Kisha akamtazama mwalimu.

"Hii haikutoka Mosko, mwalimu."

"Imetoka Mosko."

"Imetoka Dar es Salaam. Niliipokea mimi mwenyewe, hapa. Ilipelekwa jana saa tatu na dakika kumi asubuhi, na kabla ya saa nne nilikuwa nayo mkononi." Akaigeuza karatasi imwelekee mwalimu, akaweka ncha ya penseli pembeni. "Soma hapa."

Filemoni akainama akasoma. Palikuwa na herufi tatu, D na S na M, ambazo mtoto wa darasa la tatu angeweza kumwambia maana yake.

"Simu ya kutoka Urusi isingekuja asubuhi moja namna hii," Didas akaongeza taratibu. "Huyu binti yuko nchini, mwalimu."

"Sasa hiyo kazi kaipata wapi?"

Didas akaisoma telegramu upya, polepole, akidhani pengine kuna neno limempita. "Mbeya. Imeandikwa Mbeya."

"Mbeya ipi?"

Hapo karani alianza kuingiwa na wasiwasi juu ya mwalimu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi naijua moja tu," alisema. "Hii ya huku, ukishapita Makambako."

Filemoni alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Macho yakamlowa mbele za watu. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha, na hakupata kufurahi siku hata moja kwa kukosea. Aligeuka nyuma, akawatazama watu wa foleni, wapo kama wanane hivi, hakuna aliyemjua isipokuwa mama mmoja wa sokoni. "Nimekosea," akawaambia. "Jamani, nimekosea kabisa." Akapenyeza mkono chini ya wavu, akamshika Didas mkono na kuutikisa, akatoka. Kofia yake ilibaki juu ya kaunta, ikakaa hapo mpaka Ijumaa.

Alianza kwa kutembea, kama inavyompasa mwalimu. Alipofika mtaa wa pili akaona hakuna anayemlipa kwa kutembea, akakimbia.

Alimkuta Esta uani pamoja na Verediana. Blanketi jipya, la rangi ya bluu, lililokuwa limenunuliwa kwa ajili ya kitanda cha Juliana, lilikuwa tayari mikononi mwa jirani. Esta alikuwa anaeleza kwamba kwake halina tena kazi, na Verediana alikuwa anakataa kwa maneno huku amelikumbatia.

"Dada," Filemoni alisema akihema, "Mbeya ni Mbeya."

Esta akamtazama kwa huruma. "Najua, mdogo wangu. Kaa chini."

"Sikai. Nisikilize. Mbeya ni Mbeya hii. Ya basi. Nyololo, Makambako, Igawa, halafu Mbeya. Simu imetoka Dar es Salaam, Didas wa posta kaipokea mwenyewe. Juliana amesharudi, dada. Yuko Dar. Kazi kapata Mbeya ya basi."

Verediana akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani siku zote hizi alikuwa Mbeya ipi?"

Esta aliitafuta ndoo kwa mkono bila kuitazama, akaigeuza, akaketi juu yake. Akajifunika uso kwa kanga. Machozi ambayo hakuyatoa mwaka 1970, wala siku ya ndege, wala jana mbele ya darasa, yalikuja yote kwa pamoja, na mabega yakawa yanamtikisika. Filemoni aliketi chini kando yake na suruali yake ya kazini. Hakujaribu kumnyamazisha, maana aliona wazi kwamba kilio hiki ni cha nafuu, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kujiunga.

Baada ya muda Esta alijifuta, akashusha kanga. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Na Daktari tumeshamla."

Filemoni alicheka mpaka akashika mbavu. Esta naye akacheka, machozi hayajakauka. Verediana, ambaye bado hakuwa ameelewa sawasawa ni nani karudi kutoka wapi, aliona hali imekuwa ya furaha, akalikunja blanketi vizuri, akalitazama mara ya mwisho, akalirudisha.

Barua iliyoahidiwa ilifika Ijumaa pamoja na kofia ya mwalimu. Safari ilipangwa ghafla, hata hakuwahi kupeleka telegramu; Juliana alikuwa ametua Dar es Salaam Jumatatu, akaripoti wizarani Jumanne, akapangiwa hospitali ya Mbeya. Angepanda basi la Jumamosi, angeshuka Iringa akae siku mbili, kisha aendelee. Mwishoni aliandika: "Mama, karani wa simu alinihimiza niandike maneno machache. Nilipofika kwenye neno Mbeya nilicheka peke yangu pale dirishani, nikajua nawe utacheka." Esta alilisoma fungu hilo kwa sauti, akamtazama mdogo wake. Walikubaliana kwa macho tu kwamba binti asiambiwe habari za Jumatano mpaka ale kwanza, ashibe.

Jumamosi basi liliingia saa kumi na robo. Waliteremka akina mama na vikapu vyao, akateremka mzee mmoja na redio, kisha akateremka msichana mrefu, mwembamba, mwenye koti zito mkononi ambalo lingetosha kumfunika ng'ombe. Filemoni hakumtambua. Esta alikuwa ameshafika mlangoni pa basi.

"Shikamoo, mama."

Esta alimshika binti mashavu yote mawili, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama paji la uso, macho, meno. Juliana akaacha atazamwe. "Marahaba," Esta alisema hatimaye. "Umekonda. Twende nyumbani."

Walikula jogoo mwingine, wa kununuliwa, asiye na jina. Juliana alimaliza ugali, akaongezewa, akamaliza tena. Ndipo wakamsimulia habari ya telegramu, na aliposikia yaliyompata jogoo wa kwanza alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha kucheka. Alisogea, akamlalia begani.

Filemoni aliona kama si leo, basi tena. Akasukuma sahani.

"Kuna jambo limenikaa miaka sita," alisema. "Dada, ile barua ya kwanza. Niliyokusomea. Sikuisoma ilivyoandikwa. Yale masaa tisa hayakuwamo. Huyu mtoto alikwama Kairo, alilala kwenye benchi. Safari ilikuwa siku tatu. Nilikudanganya."

Juliana akamtazama mjomba wake kwa mshangao. Esta hakushangaa. Aliinuka, akaingia chumbani, wakasikia kifuniko cha sanduku la bati. Alirudi na karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani mbele ya mdogo wake. Katikati ya mistari, maneno mawili yalikuwa yamepigiwa mstari kwa penseli ya kisomo: siku tatu.

"Nilipoweza kusoma," Esta alisema, "niliona nianze na ya kwanza."

"Tangu lini?"

"Mwaka sabini na tatu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Siku tatu sikuziweza, Filemoni. Nilijaribu kuziwaza, sikuziweza. Masaa tisa niliyaweza. Basi nikairudisha barua sandukuni, nikaendelea na masaa yangu tisa." Akaanza kukusanya sahani. "Hata nilikwenda siku moja."

"Ulikwenda wapi, mama?" Juliana akauliza.

"Mbeya. Nilimuaga mjomba wako kwamba naenda Nyololo kwa shangazi. Nikapanda basi, nikakaa dirishani. Nilitaka nijue mtu akikaa kitini masaa tisa anaumwa wapi." Aliziweka sahani moja juu ya nyingine. "Lakini lami ilikuwa imeshafika, masaa hayakutimia. Nikateremka, nikakaa stendi pale pale, nikanywa chai, nikatazama watu wanavyopita, mpaka yakatimia tisa. Nikasema, haya, mbali ndiyo hapa. Kesho yake nikarudi."

Filemoni aliikunja ile barua kwenye mikunjo yake ya zamani, taratibu isichanike, akamrudishia dada yake kwa mikono miwili.

Jumatatu Juliana alipanda basi la saa moja asubuhi. Esta alimfungia karanga na mahindi ya kuchemsha, na lile blanketi la bluu, maana Mbeya nako ni baridi. Hakulia. Alimfuata kondakta kwenye ngazi, akamshika mkono wa shati.

"Mpaka Mbeya masaa mangapi, baba?"

"Sita, mama, tusipoharibikiwa."

"Sita," Esta akamwambia mdogo wake, akitikisa kichwa. "Umesikia? Wameipunguza."

Filemoni alifundisha vipindi vyake vya asubuhi, na wakati wa chakula akapitia Mlandege. Alimkuta dada yake kigodani, saa ya mezani iko juu ya kiti. Akavuta kigoda kingine, akaketi naye. Walitazama mshale unavyosogea. Saa saba kamili ikagonga. Esta hakuinuka.

"Masaa sita yametimia," Filemoni alisema.

"Ongeza nusu," Esta akajibu. "Lazima wasimame Makambako, watu wale."

Wakangoja. Nje Verediana alikuwa anamweleza mtu kwamba yule binti aliyekuwa akifanya kazi Mbeya amekuja kuwasalimu, na leo amerudi kazini kwake. Filemoni aliyasikia yote, kosa juu ya kosa, na akakaa kimya.

Ilipofika saa saba na nusu Esta alisema, "Amefika." Akainuka, akainjika ugali. Na saa hiyo hiyo, kwenye stendi ya Mbeya, Juliana alikuwa anateremka na koti lake mkononi, akiuliza njia ya kwenda hospitali.